Umeacha ngano kabla ya kupima? Pitia hapa kwanza: siliaki, mzio wa ngano na matumbo yanayokataa mkate

Mzee wa Darubini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Nimechoka kidogo na ushauri mmoja unaozunguka humu. Mtu akisema tumbo linajaa gesi, anaharisha au anachoka bila sababu, jibu la kwanza analopewa ni "acha ngano mwezi mmoja uone". Wanaosema hivyo wana nia njema, ila kwa sisi tunaoshinda maabara hakuna ushauri unaotuharibia kazi kama huo. Vipimo vya ugonjwa wa siliaki haviitafuti gluteni, ile protini ya ngano, mwilini. Vinatafuta jinsi mwili unavyopambana nayo. Ukiiondoa, mapambano yanapoa, kingamwili, yaani silaha za kinga zilizomo kwenye damu, zinashuka, utando wa utumbo unaanza kujirudi, na mgonjwa wa kweli anaondoka na karatasi iliyoandikwa "hasi". Kuanzia hapo anaishi miaka bila kujua anaumwa nini, na hajui kama ile biskuti ya kwenye sherehe ni dhambi ndogo au kubwa.

Kwa hiyo: pima kwanza, acha baadaye. Naeleza kwa nini, na mwenye swali aliweke.

Gluteni ni jina la jumla la protini zilizomo kwenye ngano na ndugu zake wawili, shayiri na rai. Kwenye ngano wakubwa ni gliadini na glutenini, ndizo zinazofanya unga uvutike ukikandwa. Vimeng'enya vyetu haviwezi kuzikata zote mpaka mwisho. Vinabaki vipande virefu, kimojawapo maarufu kina asidi amino 33 na hakikatiki tumboni wala kwenye utumbo mwembamba. Watu wengi kinawapita tu, hawana habari. Kwa wachache, kimeng'enya cha mwili wenyewe kiitwacho transglutaminesi ya tishu kinakigusa na kukibadilisha umbo kidogo, kikishabadilika kinakaa barabara kwenye molekuli za kinga ziitwazo HLA-DQ2 au HLA-DQ8, na hapo askari wa kinga wanaamka. Wanaishambulia gluteni, wanakishambulia na kile kimeng'enya, na utando wa utumbo unaumia katikati ya vita. Ndiyo maana siliaki haiitwi mzio. Iko kundi moja na kisukari cha aina ya kwanza, yaani kinga inayougeukia mwili wake.

Utando wa utumbo mwembamba kwa kawaida una vijidole vidogo mno vinavyofyonza chakula. Kwa mgonjwa vinafupika hadi pengine vinakuwa bapa kabisa. Unakula, hufyonzi. Ndipo yanapotokea ya kuharisha na kukonda ambayo kila mtu anayajua, lakini wagonjwa wengi watu wazima hawaji hivyo. Wanakuja na upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma. Wanakuja na mifupa iliyopungua uzito, mimba zinazoharibika, vidonda vya mdomoni vinavyorudi rudi, vimeng'enya vya ini vilivyopanda bila maelezo. Wengine wamefunga choo badala ya kuharisha. Wengine ni wanene. Nimeona fomu nyingi za damu zenye maelezo ya "hanenepi", wakati mwenye kustahili kupimwa zaidi alikuwa yule wa pembeni anayeongezewa chuma kila mwaka na hakuna anayeuliza kinakwenda wapi.

Sasa, matatizo yanayohusishwa na ngano yapo matatu makubwa na watu wanayachanganya. Siliaki ndiyo hiyo. Mzio wa ngano ni kitu kingine, unapitia kingamwili za aina ya IgE, unakuja haraka, dakika chache hadi saa mbili hivi baada ya kula: vipele vya kuvimba, midomo kuvimba, kubanwa kifua, na mara nyingine mtu anaanguka. La tatu ni lile la watu ambao vipimo vyote viwili havioni kitu lakini wakila ngano wanateseka. Hilo nitalirudia huko mbele maana lina ubishi wake.

Kipimo cha kuanzia cha siliaki ni damu: tTG-IgA, yaani kingamwili dhidi ya ile transglutaminesi, pamoja na IgA ya jumla. Naomba mlishike hili la pili, maana ndipo watu wanapopotea. Mnijie na maswali, nitarudi jioni.

---

Kiroboto

Naweka kambi hapa. Uzi wa maana.

---

Tumbo Joto

Mkuu asante. Hilo la IgA ya jumla fafanua. Mimi nilipimwa tTG ikaja hasi, nikaambiwa siliaki sina, kwaheri. Karatasi yangu ina mstari mmoja tu.

---

Mzee wa Darubini

@Tumbo Joto, ndiyo yale yale. Kipimo cha tTG-IgA kinahesabu kingamwili za tabaka la IgA. Kuna watu wamezaliwa na IgA kidogo sana au hawana kabisa, na wanaishi bila kujua. Ukimpima mtu wa namna hiyo, tTG-IgA yake itakuwa hasi hata utumbo ukiwa umeharibika, kwa sababu tabaka lenyewe la kupima halipo. Na kwa bahati mbaya upungufu huo unaonekana zaidi kwa wenye siliaki kuliko kwa watu wengine, kama 2 hadi 3 katika kila 100.

Chukua karatasi ya mfano. Mstari wa kwanza: tTG-IgA, hasi. Mstari wa pili: IgA jumla, chini ya gramu 0.07 kwa lita. Anayesoma mstari wa kwanza peke yake anakupongeza. Anayesoma yote miwili anajua kwamba kipimo cha kwanza hakijasema lolote, na anaomba vipimo vya tabaka la IgG, hasa kile cha gliadini iliyobadilishwa, DGP-IgG. Kwa hiyo rudi kaombe huo mstari wa pili. Ila jibu hili kwanza: siku ulipotolewa damu, ulikuwa unakula mkate kama kawaida au ulikuwa umeshaacha?

---

Tumbo Joto

Nilikuwa nimeacha kitambo mkuu. Nilianza kuacha ndipo nikapata wazo la kupima.

---

Mzee wa Darubini

Basi karatasi hiyo iweke pembeni, haikuhukumu wala haikuachii. Kwa hali yako kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kupima jeni, HLA-DQ2 na DQ8. Hiki hakijali unakula nini. Ukikutwa huna hata kimoja, siliaki ni kama imefutwa kwako na unaweza kutafuta sababu nyingine. Ukikutwa nacho, usishtuke, maana watu 30 hadi 40 katika kila 100 wanazo jeni hizo na wengi wao hawataugua maisha yao yote. Kipimo hiki kina nguvu ya kukataa, hakina nguvu ya kuthibitisha. Wapo wanaokiuza kama uthibitisho, wakimbie.

Ya pili ni kurudia kula gluteni kwa makusudi, chini ya daktari, kisha kupimwa. Kiasi kinachotajwa kwenye miongozo ni kuanzia gramu 3 za gluteni kwa siku, na wiki 6 hadi 8 zinatoa majibu ya kuaminika kuliko wiki 2. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina gramu 2 hivi, kwa hiyo unazungumzia vipande viwili kila siku. Wengine wanashindwa kabla ya wiki mbili kuisha kwa maumivu, na hao daktari anaweza kuwapima mapema. Kama uliwahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya ngano, usijaribu hili kabisa nyumbani. Huo ni upande wa mzio na una hatari nyingine.

---

Nguchiro

Samahani wakuu, mimi nasema wazi. Huu si ugonjwa wetu. Ni mtindo wa matajiri wa nchi za baridi waliokosa la kufanya. Mababu wamekula ngano karne na karne.

---

Mzee wa Darubini

@Nguchiro, mtindo upo, hilo nakubali. Watu wengi wanaokula vyakula visivyo na gluteni hawana ugonjwa wowote, na biashara imenona. Lakini ugonjwa si mtindo. Duniani kote makadirio ni karibu mtu 1 katika kila 100, na wengi hawajagunduliwa. Moja ya viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa kilitoka kwa watoto wa Wasaharawi, kule jangwani Afrika: 5.6 katika kila 100, mwaka 1999. Kaskazini mwa India nako siliaki inajulikana sana kwa sababu ngano ndiyo chakula kikuu. Panapohitajika ni vitu viwili tu, jeni na ngano. Palipo na vyote viwili ugonjwa upo, na ukionekana haupo mara nyingi ni kwamba hakuna aliyepima.

Na kuhusu mababu: Areteo wa Kapadokia, tabibu wa Kigiriki wa karne za mwanzo baada ya Kristo, aliandika habari za watu wanaoharisha muda mrefu chakula kikipita bila kusagika. Mwaka 1888 Samuel Gee wa London alieleza ugonjwa huu kwa watoto, akasema kama kuna tiba itatoka kwenye chakula, ila hakujua chakula gani. Wakati huo watoto walikuwa wanakufa. Aliyekamata mwizi ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameshaanza kuitilia shaka ngano kabla ya vita, halafu ikaja ile njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukapotea nchini, na watoto wake wenye siliaki hawakuzidiwa kama ilivyotarajiwa. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Akafanya majaribio ya kuondoa na kurudisha ngano kwa utaratibu, akapima mafuta kwenye choo, na mwaka 1950 akatoa tasnifu yake. Mababu walikula ngano, sawa. Baadhi ya watoto wao walizikwa na hakuna aliyejua kwa nini.

---

Nguchiro

Hiyo ya Uholanzi sikuijua. Endelea mkuu, nasikiliza.

---

Mama Pacha

Hamjambo humu. Swali langu ni la mtoto. Mmoja wa pacha wangu ana kisukari cha aina ya kwanza, na kliniki wamesema watampima siliaki ingawa tumbo halimsumbui hata kidogo. Nimekuwa nikijiuliza kama ni lazima. Pia kuhusu kamera ya kupitisha mdomoni, kwa mtoto jamani?

---

Mzee wa Darubini

Shikamoo mama yetu. Kliniki wako sahihi kabisa. Siliaki na kisukari cha aina ya kwanza wanatembea pamoja, kwa sababu jeni zinazohusika zinakaribiana. Wengine wanaostahili kupimwa hata bila dalili ni wenye ugonjwa wa tezi ya shingo unaotokana na kinga, wenye sindromu ya Down au ya Turner, na ndugu wa damu wa mgonjwa, yaani wazazi, watoto, kaka na dada. Kwa hao ndugu kiwango ni karibu 7 au 8 katika kila 100. Kwa hiyo huyo pacha wa pili naye, mmoja akithibitishwa, apelekwe.

Kuhusu kamera: kwa watoto mambo yamebadilika. Miongozo ya Ulaya ya madaktari wa tumbo la watoto, ya mwaka 2012 na ikaboreshwa 2020, inaruhusu kuthibitisha bila kuchukua kinyama cha utumbo kwa kamera iwapo tTG-IgA imepanda mara 10 au zaidi ya kikomo cha kawaida, kisha sampuli ya pili ya damu ikaonyesha kingamwili nyingine za siliaki, zile za endomisiamu, EMA. Sampuli ya pili, mama, si ile ile ya kwanza iliyogawanywa. Ikiwa imepanda kidogo tu, kamera inabaki. Na kwa watoto wenye kisukari hiyo ya kupanda kidogo na kushuka yenyewe inatokea, kwa hiyo hakuna haraka ya kumwondolea mkate kwa jibu moja la mpakani.

Kwa watu wazima kamera bado ndiyo njia ya kawaida sehemu nyingi, ingawa baadhi ya madaktari wameanza kuikwepa kingamwili zikiwa juu sana. Si ya kutisha. Mrija mwembamba unapita mdomoni, tumboni, hadi duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba. Koleo dogo linachuna vinyama vidogo, kama punje ya mtama hivi, kimoja au viwili kwenye kifuko cha mwanzo wa duodeni na angalau vinne mbele yake. Idadi hiyo ina sababu: uharibifu unakaa kwa mabaka, kinyama kimoja kinaweza kuangukia sehemu isiyoumia. Nikikiweka chini ya darubini naangalia urefu wa vijidole ukilinganishwa na kina cha vishimo vilivyo chini yake. Utumbo wenye afya una vijidole virefu mara tatu hivi ya vishimo. Kwa mgonjwa uwiano unageuka, vishimo vinakuwa virefu, vijidole vinakwisha, na limfosaiti, yaani chembe za kinga, zimejazana ndani ya tabaka la juu la utando. Ngazi hizo zinaitwa za Marsh, kuanzia 1 ambapo kuna limfosaiti tu, hadi 3 ambapo vijidole vimefupika au vimetoweka. Na kinyama kikilazwa vibaya kwenye nta tunayokikatia, vijidole vilivyokatwa mshazari vinaonekana vifupi hata kama ni vizima. Siku nyingine kazi yetu yote inaamuliwa na aliyekilaza.

---

Mama Pacha

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, nitampeleka, na mkate sitauondoa kabla.

---

Kipanga

Mimi tumbo langu halina neno. Nina vipele vidogo vya maji viwikoni, magotini na makalioni, pande zote mbili sawasawa, vinawasha mpaka usiku silali. Nimepakwa kila krimu. Juzi mtu akaniambia ni ngano. Nikacheka.

---

Mzee wa Darubini

Usicheke sana kaka. Maelezo hayo, na hasa hiyo ya pande zote mbili, yanafanana na dematitisi hepetifomisi, ambayo ni siliaki inayojitokeza kwenye ngozi. Siwezi kukupima kwa maandishi, yapo mengine yanayowasha hivyo, lakini muulize daktari wa ngozi kwa jina. Kipimo chake kina ujanja: kinyama kinachukuliwa kwenye ngozi nzima iliyo jirani na kipele, si kwenye kipele chenyewe, halafu kinatazamwa kwa mwanga maalumu kuona chembechembe za IgA zilizojipanga chini ya ngozi ya juu. Wakichukua kwenye kipele kilichokunwa, IgA inaweza kuwa imeshaharibika na jibu likapotea.

Ikithibitishwa, mara nyingi hata kamera ya tumbo haihitajiki. Dawa ya kutuliza ni dapsoni na mwasho unaweza kukatika ndani ya siku chache, inashangaza watu. Lakini kabla ya dapsoni lazima upimwe G6PD, maana mwenye upungufu wa kimeng'enya hicho chembe zake nyekundu za damu zinapasuka. Na dapsoni haitibu utumbo. Kinachotibu ni kuacha gluteni, na ngozi inachukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kuitikia. Watu wanaacha ngano wiki tatu, ngozi haijabadilika, wanasema "si ngano".

---

Afya Asilia Daima

Ndugu zangu msihangaike na makamera. Kuna kipimo cha tone la damu kinachoonyesha vyakula zaidi ya mia visivyokufaa, unafanyia nyumbani. Nina dawa ya mizizi pia, unakunywa unakula ngano yako bila shida. Njoo inbox.

---

Mzee wa Darubini

Hapana. Hivyo vipimo vya vyakula mia vinapima IgG, na IgG ya chakula inaonyesha kwamba ulikila. Mtu mzima mwenye afya anazo. Jumuiya za wataalamu wa mzio zimeshasema visitumike kutambua ugonjwa wowote. Vya nywele, vya mate na vya "mitetemo" sina hata la kusema. Na dawa ya kukufanya ule ngano ukiwa na siliaki haijaidhinishwa popote. Si ya mizizi, si ya kiwandani. Zipo zinazojaribiwa, mojawapo, larazotaidi, ilifika hatua ya tatu ya majaribio na ikasimamishwa mwaka 2022 kwa kuwa haikuonyesha faida. Zipo vidonge vya vimeng'enya vinavyouzwa kwamba "vinayeyusha gluteni". Usikabidhi utumbo wako kwao.

Wasimamizi, tafadhali muangalieni huyu.

---

Chumvi Kiasi

Nami niingie kidogo, mimi ni mtaalamu wa lishe na ugonjwa huu nauona upande wa sahani. Mzee amesema ya maabara vizuri, ila tiba yenyewe ndiyo inayowatoa watu jasho.

Ukishathibitishwa unaacha gluteni maisha yote, na kuacha maana yake si kupunguza. Inayokubalika kwa wagonjwa wengi bila kudhuru ni chini ya miligramu 10 kwa siku. Mzee kasema kipande cha mkate kina gramu 2, yaani miligramu 2,000. Kigawe mara 200, sehemu moja ndiyo kikomo chako cha siku nzima. Utafiti uliofanyika Italia na kuchapishwa 2007 uliwapa wagonjwa miligramu 50 kwa siku kwa miezi mitatu na utando wao ukaonyesha kuumia. Wengi wao dalili hawakuwa nazo. Hiyo ndiyo sababu sipendi kusikia "mimi nikila kidogo hainisumbui". Utumbo hautoi ripoti kila mara.

Kiwango cha kimataifa cha chakula, Codex, kinaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni kikiwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Fanya hesabu: ungekula nusu kilo nzima ya chakula kilichofika kwenye kikomo hicho ndipo ufikie hizo miligramu 10. Lebo inayosema tu "hakina ngano" si sawa na hiyo. Shayiri na rai zinaweza kuwemo, na kimea kinatokana na shayiri.

Nafaka salama kwa asili ni mchele, mahindi, mtama, ulezi, tefu, mchicha nafaka, kinoa. Shida si nafaka, shida ni safari yake. Mashine iliyosaga ngano asubuhi ikisaga mahindi mchana, unga wa mahindi umeshaingiwa. Mafuta yaliyokaangia vitu vya unga wa ngano, ubao wa kukatia mkate, kijiko kilichozama kwenye unga kikarudi kwenye jamu. Gluteni haiuawi kwa moto wala haifi kwa kuchachuka. Mkate wa chachu ya asili bado ni ngano. Sosi ya soya nyingi ina ngano, soseji nyingi zimeongezewa unga, supu za pakiti nazo. Bia za kawaida ni shayiri. Oti zenyewe wengi wanazivumilia zikiwa safi, ila zinazouzwa hovyo huwa zimechanganyika na ngano shambani au kiwandani, na wapo wachache ambao hata zilizo safi zinawaumiza. Mimi nawaambia wasubiri hali itulie kwanza ndipo wajaribu.

La mwisho upande wangu: siku ya kugundulika pimeni chuma, foleti, B12, vitamini D, na kwa mtu mzima uzito wa mifupa. Mgonjwa anaacha gluteni vizuri kabisa halafu anabaki mchovu kwa sababu hakuna aliyemjazia chuma. Maziwa nayo yanaweza kusumbua miezi ya mwanzo, kwa kuwa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa kinakaa kwenye ncha za vile vijidole vilivyoharibika. Vikiota, wengi wanarudia maziwa bila shida. Na vyakula vya pakiti visivyo na gluteni si chakula cha afya kwa sababu ya lebo. Vingi vina sukari na mafuta zaidi na nyuzinyuzi kidogo.

---

Dogo wa Benchi

Mzee uliahidi lile la tatu. Mimi vipimo vyote nimepima nikiwa nakula mkate, damu hasi, IgA ipo kawaida, kamera safi, mzio hasi. Lakini nikila ngano natembea nimevimba kama ngoma. Nimeambiwa "ni kichwa chako". Inauma.

---

Mzee wa Darubini

Pole mdogo wangu. Si kichwa chako, na umefanya mambo kwa mpangilio unaotakiwa.

Hali yako inaitwa usikivu wa gluteni usio wa siliaki, na ubishi upo kwenye jina lenyewe la gluteni. Kipimo cha damu hakipo. Vigezo vilivyokubaliwa Salerno, Italia, vikachapishwa 2015, vinataka jaribio la upofu: unakula kitu chenye gluteni kipindi fulani na kisicho nayo kipindi kingine, wewe hujui na anayekupa hajui, kisha dalili zinapimwa na tofauti ifike angalau asilimia 30. Watu wakifanyiwa hivyo, wengi tofauti haionekani. Mwaka 2018 watafiti wa Oslo waliwapa watu 59 waliojiondolea gluteni wenyewe vipande vya aina tatu vilivyofanana: chenye gluteni, chenye fruktani, na kisicho na chochote. Kilichowasumbua zaidi kilikuwa cha fruktani. Cha gluteni hakikupishana na kile kitupu.

Fruktani ni aina ya wanga iliyomo kwenye ngano, na imo pia kwenye vitunguu na vitunguu saumu. Haifyonzwi, inafika utumbo mpana, bakteria wanaifanyia karamu na wewe unavimba. Kwa hiyo jiangalie: vitunguu vingi vinakufanyaje? Kama vinakusumbua vilevile, adui yako huenda si gluteni, na huhitaji kuogopa chembe ya mkate kwenye kijiko. Mtaalamu wa lishe anaweza kukupitisha kwenye mpango wa kuondoa wanga hizo kwa wiki chache na kuzirudisha moja moja. Kurudisha ni sehemu ya mpango, wengi wanaishia kwenye kuondoa na kubaki wanakula vitu vitatu maisha yao yote.

---

Dogo wa Benchi

Vitunguu!! Mzee vitunguu vinanimaliza kabisa. Sikuwahi kuunganisha.

---

Chumvi Kiasi

Karibu kwenye chama. Tuanzie hapo.

---

Sauti ya Ukingoni

Mimi niligunduliwa siliaki miaka kadhaa sasa, kinyama kilionyesha, naacha kila kitu, hata sabuni nasoma. Bado naharisha. Daktari amesema labda ni ile sugu. Nimesoma mtandaoni nimeogopa.

---

Mzee wa Darubini

Dada, punguza kusoma usiku. Siliaki sugu ipo lakini ni adimu, na haitamkwi mpaka mtu awe ameshika mlo kwa ukali mwaka mzima au zaidi, vijidole bado vimefupika, na mengine yote yameondolewa. Mengine hayo ni mengi.

La kwanza na la kawaida kuliko yote ni gluteni inayoingia bila kujua. Sabuni achana nayo, gluteni inadhuru ikimezwa. Tazama vidonge vyako, virutubisho, chakula cha nje, na jiko unaloshiriki na wengine. Kapitie na mtaalamu wa lishe mstari kwa mstari. Kisha kuna sukari ya maziwa, bakteria kuzidi kwenye utumbo mwembamba, kongosho lisilotoa vimeng'enya vya kutosha, na uvimbe wa utumbo mpana unaoonekana kwa darubini tu, ambao unapenda kufuatana na siliaki.

Halafu lipo swali ambalo watu hawaulizi: je, utambuzi wa mwanzo ulikuwa sahihi? Vijidole kufupika si siliaki peke yake. Giadia, kimelea cha utumbo, inaweza kuvifupisha, na sprue ya kitropiki, ugonjwa wa utumbo wa nchi za joto, na hata dawa. Mwaka 2012 madaktari wa Mayo Clinic walieleza wagonjwa 22 walioharisha vibaya, utumbo ukiwa umeharibika kama wa siliaki, na chanzo kilikuwa olmesartani, dawa ya presha. Walipoiacha walipona. Katafute majibu yako ya damu ya mwanzoni. Kama tTG ilikuwa juu na kinyama kililingana, utambuzi uko imara. Kama damu ilikuwa hasi tangu mwanzo na waliamua kwa kinyama tu, basi omba HLA ipimwe. Je, unatumia dawa ya presha?

---

Sauti ya Ukingoni

Natumia mkuu. Sikumbuki jina, boksi liko nyumbani. Na damu ya mwanzo sidhani kama ilipimwa, nilipelekwa kamera moja kwa moja.

---

Mzee wa Darubini

Usiache dawa ya presha kwa sababu ya uzi wa mtandaoni. Soma jina kwenye boksi, na kama ni olmesartani mpigie daktari wako kesho akubadilishie, zipo nyingine nyingi. Mwambie pia kwamba damu ya tTG haikuwahi kutolewa ukiwa unakula gluteni, na umwombe HLA-DQ2 na DQ8. Kinyama cha zamani nacho usikiache: kipande cha nta huwa kinahifadhiwa maabara miaka mingi na slaidi inaweza kukatwa upya na kusomwa na mtu wa pili. Omba namba yake.

---

Tumbo Joto

Mrejesho: nimeongea na daktari, tumekubaliana nianze na HLA kwanza kabla ya kurudia mkate. Nikikutwa nayo ndipo nianze vipande viwili kwa siku. Kuna ninachopaswa kuandika wakati huo?

---

Mzee wa Darubini

Andika ulichokula na saa, na dalili na saa yake, usitegemee kumbukumbu. Panga tarehe ya damu kabla hujaanza kula ili usijikute unaacha njiani halafu foleni ya kipimo iko wiki tatu mbele. Na fomu ya damu ikiandikwa, hakikisha mistari ni miwili.